Kupunguza moshi wa mekoni na wa taka: kuni, jiko na jaa la uani

Moshi unaoonekana ukipanda kutoka kwenye mafiga ni sehemu ya kuni ambayo haikuungua. Kuni ikishika joto hutoa kwanza mvuke wa maji, kisha gesi zinazowaka. Gesi hizo zikipata hewa ya kutosha zingali na joto kali, la nyuzi 600 za Selsiasi na zaidi, huungua zikaisha. Zikipoa kabla ya hapo hugeuka masizi, lami na matone madogo mno yanayochoma macho na kuteremka mpaka ndani ya mapafu. Kila hatua iliyoelezwa hapa chini, iwe ya kuni, ya jiko au ya taka, inatokana na jambo hilo moja: kuna vitu vya kuunguzwa mpaka viishe, na kuna vitu visivyofaa kutiwa moto kabisa.

Mpishi ndiye anayepata madhara kwanza. Chembe zinazoogopwa zaidi zina kipenyo cha maikromita 2.5 au chini yake, ndogo mara ishirini au zaidi kuliko unene wa unywele. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka kiwango kwamba wastani wa chembe hizo usipite maikrogramu 5 kwa mita moja ya ujazo wa hewa kwa mwaka, na 15 kwa siku moja. Banda la jiko lililofungwa, moto ukiwa kwenye mafiga, hupanda hadi mamia kadhaa wakati wa kupika. Shirika hilo hilo linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yanayotokana na moshi wa majumbani.

Moshi haukomi darini. Masizi meusi hubaki hewani siku kadhaa hadi wiki chache, yakinyonya joto la jua, na yanayotua juu ya majani hupunguza mwanga na kuziba vitundu ambavyo mmea unapumulia. Halafu kuna miti yenyewe. Jiko linalopoteza nusu ya kuni linadai kuni maradufu, na hapa Zanzibar kuni hizo hutoka kwenye mikoko ya Chwaka, vichaka vya maweni (ardhi ya mawe ya matumbawe) vya kusini Unguja na vya Micheweni, Pemba, na miti ya mipakani mwa mashamba. Mkoko ukikatwa, ufukwe hupoteza kinga yake na samaki hupoteza pa kulelea watoto wao. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia mekoni.

Kuni kwanza, jiko baadaye

Mabadiliko yenye faida kubwa kwa gharama ndogo ni kukausha kuni. Mti uliokatwa jana, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Maji hayo yanakula joto la kuyachemsha, lakini hasara kubwa ni kwamba yanaupoza moto chini ya kile kiwango ambacho gesi zinaungua. Hapo huna jiko litakalokusaidia. Tumeona watu wakijenga majiko mazuri wakayalaumu, kumbe wanayalisha kuni mbichi.

Pasua kuni ziwe na unene wa sentimita 3 hadi 4 na urefu wa sentimita 40 hivi. Gogo zima halikauki ndani hata likikaa mwaka, kwa kuwa maganda yanazuia unyevu kutoka. Lipasuliwe siku ile ile linapoletwa. Panga kuni juu ya kichaga cha miti kilichoinuka sentimita 20 kutoka ardhini, mchwa na unyevu visipande, ziachiane nafasi ya vidole viwili ili upepo upite. Juu funika kwa bati au makuti, pande ziache wazi. Usizifunike kwa turubai mpaka chini, maana jasho la kuni litarudi humo humo na zitaota ukungu.

Kwa hali yetu ya hewa, kuni zilizopasuliwa vizuri wakati wa Kaskazi huwa tayari kwa miezi miwili. Zikipasuliwa Masika zitachukua minne. Basi kuni za kupikia Masika zikatwe na kupasuliwa Disemba au mapema Januari, na rundo la Vuli liandaliwe wakati wa Kusi. Kupima ukavu, gonganisha vipande viwili: kikavu hulia kwa sauti kali, kibichi hutoa sauti nzito ya kufa. Kikavu kina nyufa kwenye ncha na maganda yake yanabanduka kwa kidole. Ukitaka uhakika, pima kipande kimoja kwenye mizani ya dukani, kirudishe kichagani, ukipime tena kila wiki. Uzito ukiacha kushuka wiki mbili mfululizo, rundo liko tayari.

Mnazi una kuni za tabia mbalimbali, na kuzichanganya ovyo ndiko kunakojaza moshi. Vifuu ndivyo bora: vigumu, vinakauka upesi, vinatoa joto kali na moshi kidogo. Karara (ala ya ua la mnazi) lililokauka na vipande vya upongoo (uti wa kuti) ni vya kuwashia tu. Makuti huripuka mara moja, yanameza hewa yote ya jiko kwa dakika moja kisha yanaacha gesi bila moto. Makumbi yananyonya maji kama sifongo, na hata yakionekana makavu nje huwa na unyevu ndani. Yanafuka kwa saa nzima. Usipike kwa makumbi. Yana kazi nzuri zaidi shambani, kama itakavyoelezwa.

Kwa mwenye eneo, panda mvinje au mkesia mpakani ukate matawi kwa zamu badala ya kuangusha mti. Mkandaa na msinzi, ambayo ni miti ya mikoko, hutoa joto zuri, hilo halina ubishi, lakini iache isimame.

Njia ya kutokea

Banda la jiko linahitaji mlango wa hewa wa chini na mlango wa moshi wa juu. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, Kusi kutoka upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la moshi lisitazame pande hizo mbili; upande wa magharibi au kaskazini magharibi ndio salama kwa misimu yote miwili. Weka tundu la moshi karibu na kipaa, lisipungue sentimita 30 kwa 60. Baina ya kuta na paa acha nafasi wazi ya sentimita 20 hadi 30 kuzunguka banda zima, na kama unaogopa paka au kuku ziba kwa wavu, si kwa magunia.

Washa kipande cha karara ukizime, kisha tembeza kinachofuka mahali unapokaa kupika. Moshi ukikujia usoni, jiko limekaa upande usiofaa wa mlango. Mara nyingi kulisogeza mita moja kunatosha.

Jiko la udongo la tundu moja

Jiko hili lina umbo la kiwiko: kuni zinaingia kwa kulala, moto unapanda wima ndani ya kidohani kifupi, na gesi zinaungua humo kabla ya kugusa sufuria. Mafiga matatu hayana kidohani hicho. Moto wake unagusa tako la sufuria lililopoa, gesi zinapoa nazo, ndiyo maana sufuria inajaa masizi.

Vipimo vifuatavyo ni vya sufuria yenye kipenyo cha sentimita 26 hadi 30. Utahitaji ndoo tatu za lita 20 za udongo wa kinamo, ule mweusi mzito wa mabonde ya mpunga, ndoo moja na nusu ya mchanga wa shimo, na ndoo moja ya makapi ya mpunga. Kwa ukuta wa ndani weka pembeni lita 6 za kinamo kilichochekechwa na lita 12 za makapi au vumbi la mbao. Udongo mwekundu wa kinongo unafaa kama ukiulowesha unanata mkononi, lakini punguza mchanga kwa nusu.

Mchanga wa pwani usitumie. Una chumvi, ambayo huvuta unyevu na kulainisha ukuta, na una chembe za matumbawe na kombe. Chembe hizo ni chokaa mbichi: zikipata joto la karibu nyuzi 900 hugeuka chokaa hai, halafu zikinyonya unyevu wa usiku huvimba na kumega ukuta kutoka ndani. Kwa sababu hiyo hiyo usijengee mawe ya maweni karibu na moto. Ndivyo tanu la chokaa linavyofanya kazi, na hutaki tanu mekoni. Saruji nayo hupasuka ikipigwa na joto la namna hii.

Loweka udongo usiku mmoja, ukanyage na mchanga na makapi mpaka usione mabonge. Fanya matonge manne ya ukubwa wa chungwa, uyaache kivulini siku tatu. Yakipasuka, ongeza mchanga. Yakimomonyoka ukiyabonyeza, ongeza udongo. Usiruke jaribio hili. Nyufa nyingi za majiko zinatokana na mchanganyiko ambao haukupimwa.

Nafasi za ndani hufanywa kwa kigogo cha mgomba chenye kipenyo cha sentimita 12. Kata vipande viwili, kimoja cha sentimita 22 cha kulala na kimoja cha sentimita 35 cha kusimama. Kisha fuata mpango huu:

1. Tandaza msingi wa udongo wenye unene wa sentimita 5 na upana wa 45 kwa 45, uushindilie mpaka uwe sawa. Hapo ndipo sakafu ya moto.

2. Simamisha kipande kirefu katikati. Chonga ncha ya kipande cha kulala ipate mbonyeo, uikutanishe na kilichosimama chini kabisa, na uvifunge pamoja kwa vijiti vya upongoo vilivyochongoka. Ncha ya pili itokeze nje ya ukuta ili upate pa kuvutia.

3. Zungushia vigogo vyote mchanganyiko wa kinamo na makapi kwa unene wa sentimita 4. Makapi yataungua moto ukiwashwa na kuacha vitundu vya hewa, na hewa hiyo ndiyo itakayozuia joto lisiingie ukutani. Udongo mzito peke yake hauzuii joto, unalinywa tu. Ndiyo sababu majiko mazito ya udongo mtupu huchelewa kuchemsha maji ya chai.

4. Jenga mwili wa jiko kuzunguka hapo kwa matonge yaliyopigwa kwa nguvu, safu ya sentimita 10 kila mara, yote ndani ya siku moja. Safu iliyokauka haishikani na mbichi, na ufa utapita hapo hapo.

5. Uso wa juu uwe sentimita 30 kutoka sakafu ya moto. Kuzunguka tundu chonga mbonyeo wa mviringo, kisha weka vishikizo vitatu vya udongo vya kubebea sufuria. Kwenye mdomo wa tundu, nafasi baina ya udongo na tako la sufuria iwe sentimita 3, ipungue taratibu hadi sentimita 1.5 kwenye ukingo wa sufuria. Vipimo hivi si vya urembo. Vinalinganisha njia ya gesi, ikiwa nyembamba moshi unarudi mlangoni, ikiwa pana joto linapita pembeni bila kugusa sufuria.

6. Inua ukuta mwembamba kuizunguka sufuria, ukiacha sentimita 1.5 pande zote, mpaka thuluthi mbili za kimo chake. Ukuta huu unalazimisha joto kupanda likilamba ubavu wa sufuria. Ubaya wake ni kuwa jiko litafaa sufuria ya ukubwa mmoja. Chagua unayopikia wali wa kila siku.

7. Baada ya siku tatu hadi tano, udongo ukishika lakini kucha bado inaingia, zungusha vigogo vya mgomba uvitoe. Kikikataa usilazimishe. Mgomba hunywea wenyewe kila maji yanapotoka. Subiri siku mbili.

8. Kwenye njia ya kuni weka kichanja cha bati nene au nondo fupi, sentimita 4 juu ya sakafu, kiishie kabla ya kufika kwenye kidohani. Kuni zinakaa juu yake, hewa inapita chini yake.

Jiko likae kivulini wiki tatu. Wakati wa Masika litahitaji tano. Nyufa nyembamba ni za kawaida. Zipake uji wa udongo ule ule. Moto wa kwanza uwe wa vijiti kwa robo saa, na vivyo hivyo kwa siku mbili zinazofuata, ndipo uwashe moto kamili. Ukiharakisha, maji yaliyobaki ukutani yatageuka mvuke na kupasua jiko.

Kulitumia kuna adabu yake. Kuni tatu au nne zinatosha, ncha zake tu ndizo ziwake, na zisukumwe ndani kila zinapokula. Mlango wa kuni usijazwe zaidi ya nusu. Wengi hufikiri moto mdogo unataka kuni zaidi, kumbe unataka hewa zaidi. Ukiona moshi unatoka mlangoni, angalia kwanza jivu chini ya kichanja. Likijaa limeziba hewa, litoe kila asubuhi. Ukiona ulimi wa moto unapanda nje ya sufuria, punguza kuni moja. Masizi mepesi yanayofutika kwa kidole ni dalili ya moto uliokosa hewa, lami inayonata ni dalili ya kuni mbichi.

Kuhusu bomba la kutolea moshi, jiko hili halilihitaji kama banda lina hewa. Ukilitaka, lisipungue sentimita 10 kwa kipenyo na lipande angalau sentimita 60 juu ya paa. Kwenye nyumba ya makuti usilipitishe paani kamwe. Lipitishe ukutani, lisimame nje mbali na ukingo wa makuti, na mdomo wake uvae wavu wa chuma wa kuzuia cheche.

Makaa, seredani na chetezo

Makaa yanaonekana masafi kwa sababu moshi wake umeshamwagwa kule yalikochomwa. Kwa tanuri ya udongo ya kawaida, kilo 1 ya makaa inakula kilo 5 hadi 10 za kuni. Anayehama kutoka kuni kwenda makaa anaondoa moshi mekoni mwake na kuuongeza msituni. Mwenye uwezo wa gesi au umeme kwa mapishi mafupi, kama chai na kuchemsha maziwa, aanzie huko, kisha makaa yabaki kwa maharagwe na mchuzi wa muda mrefu.

Hatari ya seredani, yaani jiko la makaa, ni hewa isiyoonekana wala kunuka, kaboni monoksaidi. Inashika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na anayeivuta huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi. Inatoka kwa wingi pale makaa yanapoanza kushika, yakiwa mekundu chini na meusi juu, na huendelea kutoka hata yakishakuwa mekundu yote. Washa seredani uani, uiingize ndani makaa yote yakishageuka mekundu yenye jivu jeupe, na dirisha libaki wazi. Usiilaze chumbani usiku wa Kipupwe kwa ajili ya joto. Chetezo cha udi nacho ni makaa: kijiko kimoja cha makaa kinatosha kufukiza chumba, na kitolewe kabla ya watu kulala au mtoto kufungiwa ndani.

Kuwashia makaa kwa mfuko wa plastiki ni kosa kubwa. Mfuko unateremka ukiyeyuka na kufunika makaa, moshi wake mweusi unaingia kwenye chakula. Chukua kopo la bati lisilo na rangi ndani, la kimo cha sentimita 25, toa vifuniko vyote viwili, toboa matundu kumi kuzunguka chini. Lisimamishe juu ya seredani, weka vipande vya karara na kifuu chini, makaa juu. Kopo linavuta hewa kama bomba na makaa yanashika bila ya kupepea. Likiwaka, liinue kwa koleo, makaa yamwagike mahali pake.

Taka: visivyotiwa moto

Moto wa jioni uani, wenye majani, makuti, nepi na chupa pamoja, ni mchafu kuliko moto wowote wa kupikia, kwa kuwa unafuka bila joto. Usiku hewa ya karibu na ardhi hupoa na kutulia, moshi ukalala juu ya mtaa mpaka alfajiri.

Baadhi ya vitu vina sumu ambayo hakuna jiko la nyumbani litakaloimaliza. Mabomba magumu ya maji, ganda la nyaya za umeme na baadhi ya zulia za plastiki vina klorini. Vikiungua hutoa gesi kali ya asidi na daioksini. Sumu hiyo haiyeyuki kwenye maji, inashikana na udongo na mafuta ya mwili. Kuku anayeparua jaani anaila na kuiweka kwenye mayai. Sponji za magodoro hutoa sianidi. Tairi hutoa masizi mazito na salfa. Mbao zenye rangi, na hasa vipande vya mashua vilivyopakwa rangi ya kuzuia chaza, vina metali kama shaba ambayo hubaki kwenye jivu. Tena ardhi yetu, hasa upande wa uwanda na maweni, ni jiwe lenye matundu: mvua ya Masika huyashusha yaliyomo kwenye jivu kuelekea maji ya visima bila ya udongo mwingi wa kuyachuja.

Gawa taka tangu jikoni kwa vyombo vitatu. Cha kwanza ni vya kuoza, ambavyo ndivyo vingi zaidi. Cha pili ni vya kuuza au kuchukuliwa: chupa, makopo, vyuma, vyote vikiwa vikavu, kwani chupa chafu wanunuzi huikataa. Cha tatu ni vya kupelekwa kwenye kontena la manispaa au halmashauri, pamoja na nepi na sponji. Betri na balbu zikae kwenye kopo lake lenye kifuniko. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu 2006, lakini vifungashio vya biskuti na ubuyu bado vimejaa. Hivyo ni vya chombo cha tatu, si vya mafigani.

Vya kuoza vigeuze mbolea. Mahali penye udongo chimba shimo la nusu mita. Kwenye maweni zungusha boma la mawe au fito juu ya ardhi. Rundo lisipungue mita 1 kwa upana, urefu na kimo, la sivyo halitahifadhi joto. Anza na sentimita 20 za vitu vikavu, majani na makuti yaliyokatwa vipande vya kiganja. Juu yake sentimita 10 za vibichi, maganda ya ndizi na muhogo, majani mabichi, mabaki ya mboga. Kisha sentimita 2 au 3 za samadi ya ng'ombe au mbuzi. Nyunyiza maji, rudia mpaka kimo kitimie, funika kwa majani ya mgomba. Upande wa mashariki wa Unguja, mwani uliotupwa ufukweni ni kibichi kizuri. Uache mvua moja iupige au uusuuze kwa maji matamu kwanza kuondoa chumvi.

Chomeka fimbo katikati. Baada ya siku nne au tano ichomoe. Ikiwa ya moto usiyoweza kuishika, rundo linafanya kazi, ndani ni nyuzi 55 hadi 65. Ikiwa baridi na kavu, ongeza maji na samadi. Ikiwa baridi na inanuka yai bovu, rundo limelowa na kukosa hewa: lipindue, uchanganye makuti makavu. Kiganja cha mbolea ukikikamua kitoe tone moja au mawili, basi. Pindua kila wiki mbili. Baada ya miezi mitatu hadi minne itakuwa nyeusi na yenye harufu ya msitu baada ya mvua. Mifupa na matumbo ya samaki yazike katikati kabisa, sentimita 30 ndani, la sivyo paka watalifumua.

Makumbi yana nyuzi ngumu, hayaozi kwa muda huo. Yapange kuzunguka shina la mgomba au mnazi mchanga, ndani yakitazama chini, yaache nafasi ya kiganja kutoka shinani ili yasiozeshe gome. Yanashikilia maji wakati wa Kaskazi na kuzuia magugu.

Mwenye konde la maweni anayelazimika kuchoma vichaka, kwanza amwarifu sheha na majirani, akate njia ya moto ya mita tatu kuzunguka, na akaushe vilivyokatwa wiki tatu. Achome marundo madogo moja moja, baina ya saa 3 na saa 5 asubuhi, umande umekauka na upepo haujashika kasi, ili moto uwe mkali na moshi upande juu. Magogo mazito ayatoe kabla kwa ajili ya kuni. Yakiachwa yatafuka siku tatu. Baada ya moto asipande papo hapo kwenye jivu nene, alitandaze, kwa kuwa ardhi ya maweni ina chokaa tayari na jivu jingi huongeza tatizo hilo.

Jenereta la kutumia umeme ukikatika liwekwe nje, angalau mita 6 kutoka dirisha lolote, mdomo wa moshi ukielekea upepo unakokwenda. Barazani au ukumbini si nje. Moshi mweusi wa dizeli unamaanisha chujio la hewa limeziba au mzigo umezidi. Wa buluu, mafuta ya kulainisha yanaungua na ringi zimechoka. Mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto, mafuta hayaungui yote na pua za sindano zikaguliwe. Rangi hizo za moshi ni zile zile kwa gari la abiria na kwa mashine ya boti ya dizeli.